Kupanda hadi Delicate Arch na familia: maelekezo ya mama wa Mwanza anayeishi Utah

Watu wakiniuliza njia ya Delicate Arch, lile tao maarufu la jiwe hapa Utah, ina urefu gani, nawajibu ukweli: kilomita tano kasoro kidogo, kwenda na kurudi. Nikishasema hivyo naona nyuso zinalegea, mtu anaanza kutafuta ndala zake, na hapo ndipo ninapoanza kuhangaika mimi. Kilomita hizo unapanda kama mita 150 juu ya jiwe tupu, hakuna mti wa maana, hakuna kivuli, hakuna bomba, na kipande kizima cha katikati hakina hata njia ya kuonekana kwa macho. Jiandae kana kwamba ni mara mbili ya urefu huo, utafurahi.

Nawaandikia wenzangu tunaoishi Salt Lake City na miji ya jirani, Watanzania, Wakenya, ndugu zetu wa Kongo na Burundi, ambao tunaliona tao hilo kila siku kwenye pleti za magari na bado hatujalifikia kwa miguu. Nyumbani kwetu wakija wageni mimi ndiye ninayewapeleka, mpaka mama mkwe akanipa cheo cha askari wa hifadhi.

Kufika huko

Hifadhi inaitwa Arches, iko kilomita kama nane kabla ya kuingia mji wa Moab, kusini-mashariki mwa Utah. Kutoka Salt Lake City ni kama kilomita 370, saa nne za kuendesha. Unashika barabara ya 15 kwenda kusini hadi Spanish Fork, unaingia ya 6 inayopanda milimani na kupita Price, unatokea Green River, unapita kidogo kwenye ya 70, halafu unashuka na 191. Jaza mafuta Green River au Moab, kwa sababu ndani ya hifadhi hakuna kituo cha mafuta, hakuna mgahawa na hakuna duka la vyakula.

Green River ndiko kwenye matikiti. Mwishoni mwa kiangazi wakulima wanayauza pembeni mwa barabara. Nunua moja, liweke kwenye boksi la barafu, liache garini, usilibebe. Litakuwa na kazi yake mtakaporudi.

Kiingilio ni dola 30 kwa gari moja, na tiketi hiyo inatumika siku saba. Mkiwa watu wa kutembeatembea, kadi ya mwaka ya hifadhi za taifa ni nafuu zaidi. Kuna miaka ambayo hifadhi ilitaka kila gari liweke nafasi mapema kwa saa maalumu, na kanuni hiyo hubadilika, kwa hiyo wiki ya safari fungua nps.gov/arch usome wenyewe. Usitegemee maneno ya shemeji aliyekwenda miaka mitatu iliyopita. Tena, hifadhi ikijaa sana lango hufungwa kwa muda na magari yanarudishwa. Umekuja na watoto wanne kutoka Salt Lake, halafu unaambiwa urudi baada ya saa kadhaa: mchana mzima umeharibika.

Mwezi gani, saa ngapi

Mwezi wa kumi ndio ninaoupenda mimi. Aprili na mwanzo wa Mei pia ni vizuri, ila upepo unaweza kukutupia mchanga machoni. Kuanzia Juni hadi Agosti joto la mchana linafika nyuzi 38 na kupita, na mwamba unalirudisha joto hilo kutoka chini, kwa hiyo unaungua pande mbili. Likizo ya shule ikiwalazimu kwenda wakati huo, basi muwe mmeshuka kabla ya saa nne asubuhi. Hakuna mjadala hapo. Julai hadi Septemba kuna pia mvua za radi za alasiri, zinakuja ghafla.

Majira ya baridi ni matupu na mazuri, anga la buluu na theluji kwenye mwamba mwekundu, lakini barafu inaganda kwenye mteremko na kwenye ukingo mwembamba wa mwisho, sehemu zinazokosa jua. Bila vyuma vya kuvalisha viatu, vile vyenye meno madogo, usiende. Moab vinauzwa.

Kuhusu saa, najua nitabishiwa. Karibu kila mtu anakwenda jioni, kwa sababu jua la machweo linalipiga tao uso kwa uso na jiwe linawaka rangi ya chungwa. Ni kweli, linapendeza. Lakini jioni maegesho yanajaa, juu kuna kundi la watu wamekaa wakigombana kwa macho juu ya nani ametoka na nani bado yuko kwenye picha, halafu wote mnashuka mwamba mkavu gizani, na watoto wamechoka. Mimi naenda alfajiri. Tunalala Green River, ambako mara nyingi vyumba ni nafuu kuliko Moab, tunatoka usiku bado mzito, tunaswali alfajiri pale maegesho, na kukipambazuka tu tunaanza kupanda. Picha ya machweo ipo kwenye kadi za posta, utaipata.

Vitu vya kubeba

Maji kwanza. Hifadhi yenyewe inasema kila mtu abebe angalau lita mbili kwa njia hii, na mimi wakati wa joto naongeza moja. Jaza chupa kwenye kituo cha wageni karibu na lango, kwa sababu pale njia inapoanzia, kama kilomita 20 ndani, kuna vyoo lakini hakuna maji. Kila mtu abebe ya kwake, hata mtoto abebe chupa yake ndogo. Nasema hivi kwa kuwa katika familia zetu kuna tabia ya baba kubeba maji yote kwenye begi moja, halafu baba anatangulia. Soda haihesabiki. Chai ya chupa ya moto pia haihesabiki, mama mkwe wangu.

Pamoja na maji, beba kitu chenye chumvi. Ukinywa maji mengi matupu huku unatoka jasho, chumvi ya mwili inapungua, na unaanza kuumwa kichwa na kichefuchefu ukidhani ni kiu, ukaongeza maji, ukazidi kuharibu. Karanga za chumvi, korosho, chapati iliyoviringishwa na yai, na pakiti moja ya ORS kwa dharura. Tende kwa ajili ya nguvu ya haraka. Maganda ya machungwa na kokwa za tende rudi nazo: jangwani haviozi upesi kama kwetu.

Mavazi yetu ya heshima yanafaa kuliko unavyodhani. Utawaona wenyeji wengi wamevaa kaptura na vesti, wanageuka wekundu. Nguo ndefu, nyepesi, ya kupitisha hewa, inakukinga. Ila dera liache garini. Nimeona dera likikanyagwa mbele kwenye mteremko, na mwenye nalo akashuka kwa magoti. Vaa suruali pana, shati refu la mikono mirefu na mtandio wa pamba. Kofia pana juu yake. Na beba kanga moja kuukuu: ukiilowesha kidogo na kuiweka shingoni inapoza mwili vizuri sana, ukimkuta mtoto amelala unambebea mgongoni, na ukiumia kifundo cha mguu unafungia.

Viatu: raba zenye soli ya mpira yenye meno, zilizokwisha kuzoea mguu wako. Ndala hapana, yeboyebo hapana, na viatu vya ngozi vyenye soli laini vya kwendea sherehe hapana kabisa. Wafuga ng'ombe wa zamani waliuita mwamba huu jiwe la utelezi kwa sababu kwato zenye vyuma za farasi wao ziliteleza juu yake. Mpira unashika. Soli ngumu haishiki.

Hata ukienda asubuhi, beba tochi ya kichwani. Simu usiitegemee kwa mwanga wala kwa mtandao, mtandao huko unakuja na kuondoka.

Mwanzo: nyumba ya Wolfe na mto wa chumvi

Njia inaanzia maegesho ya Wolfe Ranch. Hapo hapo kuna kibanda kidogo cha magogo, na watu wengi wanakipita mbio. Simama dakika mbili. John Wesley Wolfe alikuwa mwanajeshi wa zamani wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alitoka Ohio mwaka 1898 na mwanawe Fred akaja kufuga ng'ombe kwenye ukame huu. Mwaka 1906 binti yake Flora alifika na mume na watoto wawili, akaona hali waliyokuwa wakiishi, akakataa. Ndipo baba akajenga kibanda hiki chenye sakafu ya mbao. Mwaka 1910 wote walirudi Ohio. Mimi kila nikikiangalia nampigia Flora makofi.

Unavuka daraja dogo la kijito cha Salt Wash. Maji yake yana chumvi na madini, usiyanywe. Ng'ambo, upande wa kushoto, kuna kijinjia kifupi kinachokupeleka kwenye michoro iliyochongwa mwambani na watu wa kabila la Ute: watu wamepanda farasi, wamezungukwa na kondoo wa milimani na wanyama kama mbwa. Farasi ndio wanaokuambia umri wake, kwa sababu waliletwa na Wahispania, kwa hiyo michoro hiyo ni ya kati ya 1650 na 1850 hivi. Aliyekwenda Kondoa atakumbuka ile ya kwetu, ingawa ya kwetu imepakwa rangi na hii imegongwagongwa kwenye jiwe. Usiiguse. Mafuta ya vidole yanaiharibu, na watoto wanapenda sana kufuatisha mistari kwa kidole.

Baada ya hapo ni njia pana ya kokoto, inapanda na kushuka kwa upole. Hapa ndipo watu wanapokwenda mbio kwa kuwa ni rahisi, halafu wanafika mwambani wameishiwa pumzi. Nenda taratibu, mwendo wa kuweza kupiga soga. Kunywa maji hapa hapa, kabla hujasikia kiu.

Angalia pia udongo wa pembeni. Ukiona ardhi nyeusinyeusi, yenye vinundu vidogo, iliyokauka juu, hiyo ni hai. Ni vijidudu vidogo mno, kuvu na mimea midogo mno vilivyoshikamana na mchanga, ndivyo vinavyouzuia usipeperuke na vinavyohifadhi unyevu kwa mimea. Unyayo mmoja unavunja kitu kitakachochukua miaka mingi kurudi. Kwa hiyo hakuna kutoka njiani kwenda kujisaidia nyuma ya kichaka. Vyoo viko maegesho, vitumieni kabla, wote, hata anayesema hana haja.

Mwamba

Baada ya kama kilomita moja hivi unauona: bamba moja kubwa la jiwe la rangi ya chungwa limeinama kuelekea angani, na juu yake watu wanaonekana wadogo wakipanda kwa mstari. Wengi husema "haa" hapo. Ni sehemu ngumu kuliko zote, karibu nusu maili, na ndiyo ninayotaka kuieleza vizuri.

Mimi nimezaliwa Mwanza, na watoto wa Mwanza tunaparamia mawe kabla hatujajua kusoma. Kwa hiyo nilidhani jiwe ni jiwe. Sivyo. Mawe ya Mwanza ni graniti, ni moto wa chini ya ardhi uliopoa, punje zake zimeungana. Mwamba huu wa Utah ni mchanga mtupu. Miaka kama milioni 160 iliyopita hapa palikuwa na matuta ya mchanga, yakafunikwa, yakakandamizwa, na madini yaliyoyeyuka kwenye maji yakapita katikati ya punje na kuzigandisha. Chuma kidogo kilichomo kikashika kutu, ndiyo wekundu wote unaouona. Chini yake kuna tabaka nene la chumvi lililoachwa na bahari iliyokauka miaka kama milioni 300 iliyopita. Chumvi chini ya uzito mkubwa inasogea polepole, na iliposogea iliinua mwamba na kuupasua. Maji na barafu vikaingia kwenye nyufa, na vikabaki kuta nyembamba, na kuta zikatobolewa matundu. Hifadhi ina matao zaidi ya 2,000 yaliyozaliwa hivyo.

Kwa miguu yako maana yake ni hii. Ukikauka, mwamba huu unashika soli ya mpira kama msasa, na unaweza kusimama kwenye mteremko ambao kwa macho unaonekana hauwezekani. Lakini kwa sababu ni mchanga, punje zinaachia kila siku, zinajikusanya kwenye vijishimo na kwenye ngazi ndogo za jiwe, na ukizikanyaga zinabiringika chini ya soli. Watu wengi hawatelezi kwenye jiwe lenyewe, wanateleza kwenye mchanga ulio juu ya jiwe. Tazama mahali pa kuweka mguu: penye rangi safi kanyaga, penye vumbi la mchanga ruka au lifagie kwa kiatu kwanza.

Kanyaga na wayo mzima. Mtu akiogopa huwa anapanda kwa vidole, na vidole vinachukua nafasi ndogo ya jiwe, mashavu ya miguu yanachoka, unaanza kutetemeka. Shusha kisigino. Kiwiliwili kisimame wima juu ya miguu, usiukumbatie mlima. Penye mwinuko mkali panda kwa kukata kushoto na kulia badala ya kunyoosha moja kwa moja, hatua fupi, na simama kila unapotaka. Hakuna anayekuhesabia.

Njia inaonyeshwa na marundo madogo ya mawe yaliyopangwa. Kanuni yangu kwa watoto: huondoki rundo hili mpaka umeliona lijalo. Wanalifanya mchezo, na hawapotei. Msijenge marundo yenu ya mapambo, mnampoteza mtu mwingine. Na kabla ya kuendelea, kila baada ya kitambo geuka nyuma uone njia inavyofanana ukiwa unarudi. Mwamba ukiutazama kutoka juu ni mwingine kabisa, na watu wanaopotea huku hupotea wakishuka.

Mvua ikinyesha, au imenyesha usiku, mambo yanabadilika. Maji yanalegeza ile gundi ya madini, jiwe linakuwa dhaifu na kingo zinamomonyoka mkononi, mbali na kuteleza. Ukisikia radi, hata ya mbali, shuka. Juu ya bamba hilo wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote.

Utakuta vidimbwi vya maji ya mvua kwenye mashimo ya mwamba. Humo kuna wadudu wadogo na kamba wadogo sana wanaosubiri maji kwa miezi mayai yao yakiwa makavu, na mkono wako wenye losheni ya jua ni sumu kwao. Usinawe humo. Kama unataka kutia udhu, tumia chupa yako.

Kuhusu joto, kiongozi wa kundi asiangalie mandhari tu, aangalie watu. Anayenyamaza ghafla, anayelalamika kichwa na kichefuchefu, anayejikwaa penye tambarare: huyo akae chini, kanga yenye maji shingoni na kwapani, maji kwa mafundo madogo, na safari yake ya kupanda imekwisha kwa siku hiyo. Mtu akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, au ngozi yake ni moto sana, piga 911 mara moja, na kama mtandao hakuna, mtume mtu chini huku wengine mkiendelea kumpoza. Na asione aibu anayetaka kugeuka. Sisi tuna tatizo la kusema "twende tu, tumekaribia" kwa mtu ambaye macho yake yamekwisha kubadilika.

Ukingo wa mwisho

Juu ya bamba panasawazika, unapita kwenye mabonde madogo ya mchanga na miti ya mreteni iliyojipinda. Halafu, kama mita 200 za mwisho, njia inakuwa ukingo uliokatwa kwenye ukuta wa mwamba. Kulia kwako ukuta, kushoto shimo. Si mwembamba sana, watu wawili wanapishana, lakini hakuna kizuizi chochote. Hapa watoto wanashikwa mkono, mtu mzima akae upande wa shimo. Anayeogopa kimo aweke mkono ukutani na atazame mgongo wa aliye mbele yake. Mkikutana na wanaorudi, simameni upande wa ukuta muwapishe, msishindane.

Upande wa kulia, juu kidogo, kuna tundu kwenye ukuta linaloitwa Frame Arch. Wengi wanalipanda ili walipige picha tao kubwa kupitia humo. Kupanda kunawezekana kwa mtu mzima mwenye viatu vizuri, kushuka ndiko kunakowaliza. Mimi sipandi na watoto.

Unazunguka kona, na linakuja lote kwa mara moja, hakuna dalili ya kukuandaa: tao limesimama peke yake kwenye mdomo wa bakuli kubwa la mwamba, urefu wa mita 16, tundu lake mita 14 kwenda juu na 10 kwa upana, na nyuma yake milima ya La Sal ambayo kilele chake kinapita mita 3,800. Mwezi wa Aprili milima hiyo ina theluji wakati wewe unafuta jasho. Dada yangu mdogo, ambaye njia nzima alikuwa akinilaumu kwa kumwamsha usiku, alikaa chini akanyamaza, na huyo si mtu wa kunyamaza.

Wafuga ng'ombe wa zamani waliliita kwa majina ya mzaha, mojawapo likiwa chupi refu za mwalimu wa kike. Ukilitazama kwa pembeni utacheka. Miaka ya 1950 watu wa hifadhi walifikiria kulipaka plastiki isiyoonekana ili lisiliwe na mvua, wakaacha. Mwaka 2002 mwenge wa Olimpiki ya majira ya baridi ulifikishwa hapa ulipoingia Utah. Na mwaka 2006 mpanda miamba Dean Potter alilipanda hadi juu, kelele zikawa nyingi, na kanuni za kupanda matao zikakazwa. Kwa hiyo kulipanda ni marufuku, kuandika jina ni marufuku, na droni ni marufuku.

Kufika chini ya tao unapita kwenye mdomo wa bakuli ulioinama. Bakuli linatelemka taratibu, halafu linatelemka haraka, na ukidondosha chupa humo iache iende. Nimeona mtu mzima akitaka kuifuata kofia. Watoto wakae upande wa juu, kwenye jiwe lililo bapa, wale tende zao.

Picha: kuna utaratibu usioandikwa kwamba kila kundi linakwenda chini ya tao kwa zamu, linapigwa, linatoka. Sisi huwa wengi, na tunapenda picha ya wote, ya akina mama peke yao, ya watoto peke yao, ya shemeji na simu yake mpya. Pangeni kabla hamjaingia, nendeni mara moja, tokeni. Alfajiri mnaweza kukaa zaidi, ndiyo faida nyingine ya kuamka.

Kurudi

Bakizeni angalau theluthi moja ya maji kwa ajili ya kushuka. Jua limepanda, na magoti sasa ndiyo yanayofanya kazi. Kwenye bamba kubwa legeza magoti, hatua fupi, wayo mzima tena, na penye mteremko mkali geuka ushuke kwa ubavu. Usikimbie hata kama miguu inakusukuma. Wazee watashuka vizuri zaidi kwa fimbo yenye ncha ya mpira. Ya chuma inateleza na inakwaruza mwamba.

Mkifika garini, kateni tikiti. Lina maji, lina sukari, na mtoto aliyekataa maji njia nzima hatalikataa.

Kwa mzee, mjamzito aliyechoka, au yeyote ambaye magoti hayamruhusu, msimwache garini Wolfe Ranch. Endesheni mbele kidogo kwenye barabara hiyo hiyo, kuna maegesho mengine ya mahali pa kulitazama tao kutoka mbali. Njia ya chini ni tambarare, kama mita 100, hata kiti cha magurudumu kinapita, na tao linaonekana dogo juu ya genge. Ya juu inapanda ngazi, kama nusu maili. Mpeni darubini. Mama mkwe hukaa pale na chupa yake ya chai, anatutafuta kwa darubini tukiwa juu, na tukirudi anatuambia nani alikaa karibu mno na ukingo.